Nani anaweza kutoka nyumbani kwako saa nane za usiku?

Ukipita mitaa mipya ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kule Chanika, Kivule, Goba au Mbande, utaona nyumba nyingi ambazo hazijapigwa lipu, hazina dari wala vigae, lakini watu wameshahamia. Mwenye nyumba amechoka kulipa kodi ya pango, kaamua ahamie hivyo hivyo amalizie akiwa ndani. Sasa tazama madirisha yake. Vioo hakuna, kuna turubai au mbao zilizogongelewa misumari. Nondo zipo. Kila dirisha lina nondo, hata lile dogo la chooni, na mlangoni kuna geti la chuma lililofika kabla ya mlango wenyewe wa mbao. Pesa ya kwanza baada ya bati inakwenda kwa fundi wa kuchomelea.

Sishangai, na simlaumu mtu. Hofu ya wizi katika miji yetu haikuokotwa hewani. Wengi tunalijua lile jiwe kubwa la kuvunjia milango ambalo mtaani linaitwa Fatuma, na tunajua mlango wa mbao za bei nafuu hauvumilii vishindo vyake viwili. Tunawajua vibaka wanaoingiza upondo wenye ndoano dirishani na kuvuta suruali iliyotundikwa, simu iliyowekwa chaji, mkoba wa kazini. Waliokuwepo Dar mwanzoni mwa Januari 2015 wanaikumbuka jioni ambayo habari za Panya Road, yale makundi ya vijana wahalifu, zilisambaa na watu wakafunga maduka na kukimbilia ndani. Mwaka 2022 makundi hayo yalirudi na mapanga, yakaingia nyumba hadi nyumba, watu wakajeruhiwa na wengine wakapoteza maisha. Mzazi aliyelala na watoto wake usiku ule, akisikia mbwa wa mtaa wa pili wakibweka, hahitaji kuelezwa kazi ya nondo.

Nalotaka kusema ni hili. Nyumba zetu tumeziuliza swali moja tu: je, mwizi anaweza kuingia? Swali la pili hatuliulizi: je, waliomo ndani wanaweza kutoka? Watoke usiku, umeme umekatika, moshi umejaa, mtoto mchanga mkononi na bibi asiyetembea vizuri chumba cha nyuma. Nyumba isiyo na jibu la swali hilo ina hatari ndani yake, hata kama ukuta wake una vipande vya chupa juu na fensi ya umeme.

Afrika Mashariki tumeshalipa gharama ya kutouliza, na waliolipa zaidi ni watoto. Juni 1994 wasichana 42 wa Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, waliteketea bwenini. Kwale, upande wa pwani ya Kenya, Machi 1998, moto uliua wasichana zaidi ya 20 wa Bombolulu. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Kule Kyanguli bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Petroli iliyomwagwa ndiyo iliyowasha moto ule, na huo ni uhalifu wa aliyeuwasha. Lakini baina ya kuamka na kufa wale vijana walikuwa na nafasi fupi ya kujiokoa, na nafasi hiyo ilizibwa na chuma kilichowekwa kwa nia njema ya kuwalinda. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka mabweni yawe na milango inayofunguka kwa nje na madirisha yasiyo na nondo.

Somo hilo liliandikwa kwa ajili ya shule. Majumbani halijafika. Ukimwuliza mtu mwenye nyumba ya vyumba vitatu ni wapi atapita endapo moto utaanzia sebuleni, mara nyingi atakuonyesha mlango wa mbele, ambao ndio huo wa sebuleni.

Zingatia nyumba tunazopanga. Nyumba ya korido, yenye vyumba sita na familia sita, ina mlango wa mbele na mlango wa uani. Usiku mlango wa uani unafungwa kwa kufuli, na ufunguo analala nao mwenye nyumba au mpangaji mkongwe. Mlango wa mbele nao una komeo, kitasa, na siku hizi geti la kukunja lenye kufuli lake. Wenye funguo za vyote ni wachache. Nje, kwenye vibaraza au ndani ya korido yenyewe, kuna majiko ya mkaa, mitungi ya gesi, pikipiki ya mpangaji iliyoingizwa ndani isiibwe, na tangi la pikipiki lina petroli. Korido ndiyo njia pekee ya kutokea, na ndiyo hiyo tuliyoijaza vitu vinavyowaka.

Nyumba za kujitegemea za kisasa hazina nafuu kubwa. Zina mlango wa mbele na wa jikoni. Mlango wa jikoni uko karibu na mtungi wa gesi, yaani uko karibu na mahali ambapo moto una uwezekano mkubwa wa kuanzia. Vyumba vya kulala viko mwisho wa korido, na kila dirisha lina grili iliyozamishwa ukutani kwa zege.

Watu wengi hudhani kwenye moto kinachoua ni miali. Mara nyingi ni moshi. Godoro la sponji, makochi, mapazia na kapeti za plastiki vikiungua vinatoa moshi mzito wenye sumu, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Aliyeamka ana dakika chache, si robo saa. Moshi unapanda juu, kwa hiyo hewa inayobaki iko karibu na sakafu, na anayetaka kutoka inabidi atambae. Kabla ya kufungua mlango wa chumba aguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto asiufungue, kwa sababu upande wa pili moto unausubiri mlango huo. Hapo ndipo inapobaki njia moja, dirisha. Na dirisha lina nondo.

Suluhisho lipo, si geni, na fundi yeyote wa kuchomelea analiweza: grili inayofunguka. Dirisha moja katika kila chumba cha kulala, kipande cha grili kinachotosha mtu mzima kupita kinawekwa bawaba na kufungwa kwa kufuli kutoka ndani. Nilipomwomba mwenye nyumba wangu ruhusa ya kufanya hivyo kwa gharama yangu, alikubali baada ya kusitasita. Fundi ndiye aliyekuwa na swali.

"Sasa dada, si unamtengenezea mwizi mlango?"

Ni swali la haki na lilistahili jibu. Tulikaa kwenye ndoo mbili zilizogeuzwa, tukalizungumza kama watu wazima. Bawaba zichomelewe kiasi kwamba pini haitoki. Kufuli lifunikwe na kisahani cha chuma upande wa nje ili mkono wala mkasi wa kukatia visilifikie. Nondo za kipande kile ziwe nene sawa na za dirisha zima. Mwizi akija na msumeno, grili hiyo itamchukua muda uleule ambao nondo za zege zingemchukua. Fundi alitikisa kichwa kukubali, akachora kwa chaki sakafuni, akaniongezea wazo ambalo sikulifikiria: kipande kifungukie nje, maana ndani kuna kitanda na pazia, na mtu mwenye hofu anasukuma, havuti.

Ufunguo ndiyo habari kubwa kuliko grili yenyewe. Ukiuacha kwenye kufuli, kijana wa upondo ataufikia. Ukiufungia kabatini, usiku wa moshi hutauona. Wangu umetundikwa kwenye msumari ubavuni mwa kabati, mahali ambapo mtu aliyesimama dirishani hawezi kuuona wala kuufikia kwa fimbo, lakini mimi naupata kwa kupapasa gizani. Hautumiki kwa kazi nyingine. Hautolewi kuazimwa. Kila aliyelala chumba kile anajua ulipo, na mgeni akija kulala anaonyeshwa ulipo kama anavyoonyeshwa choo. Na kufuli linapakwa mafuta kidogo mara kwa mara, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani inaozesha kila chuma, na kufuli lililoshika kutu ni sawa na zege.

Kisha jaribu usiku. Zima taa kweli, mwambie kila mmoja atoke kitandani, afike dirishani, afungue, atoke. Wanangu wa dada waliokuja likizo walidhani ni mchezo, na niliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu mtoto anakumbuka zaidi alichokicheza. Mkubaliane mtakutana wapi mkishatoka. Sisi ni chini ya mwembe wa jirani. Bila mahali pa kukutania, baba atarudi ndani kumtafuta mtoto ambaye ameshatoka kwa mlango mwingine, na wengi wamepotea kwa kurudi huko.

Kama huna uwezo wa kubadilisha grili mwezi huu, basi ufunguo wa mlango wa kutokea ukae karibu na mlango huo usiku mzima, mahali pamoja pasipobadilika, na korido iwe tupu. Pikipiki na mitungi vitafutiwe mahali pengine. Wapangaji wa nyumba ya korido wakae kikao kimoja wakubaliane kila familia iwe na nakala ya ufunguo wa mlango wa uani. Nakala ya ufunguo ni pesa ndogo sana hata kwa mwenye chumba kimoja.

Kuna jambo ambalo siwezi kuliandika taratibu. Tusiwafungie watoto ndani kwa kufuli la nje. Najua kwa nini linafanyika. Mama anatoka saa kumi alfajiri kuwahi samaki Feri, au anauza chakula cha usiku stendi, hana dada wa kazi, hana ndugu, na mtaa una watu asiowaamini. Kufuli la nje linamwambia mama kwamba mtoto hatatekwa wala hatapotea. Lakini mshumaa ukianguka juu ya chandarua, au ile dawa ya mbu ya kuwasha ikigusa shuka, hakuna nguvu ya mtoto wa miaka sita itakayofungua kufuli lililo upande mwingine wa mlango. Magazeti yetu yameandika habari za namna hiyo tena na tena: watoto wawili, watatu, mlango umefungwa kwa nje, majirani wanasikia kilio. Mama huyo hahitaji kuhukumiwa, anahitaji jirani. Ufunguo wa pili ukae kwa jirani mmoja anayeaminika, na jirani ajue siku hiyo watoto wako peke yao. Wanaoona mtoto yuko hatarini na hawajui waanzie wapi, namba 116 ni ya bure ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya pia.

Turudi kwa mwizi, kwa sababu sijasema hofu yake ipuuzwe. Nasema ielekezwe panapostahili.

Kwa mfano, nguvu nyingi inatumika kuogopa dawa ya kupulizia. Karibu kila mtu aliyeibiwa usiku bila kuamka anaamini alipuliziwa dawa dirishani. Madaktari wa usingizi wanajua jinsi ilivyo kazi ngumu kumlaza mtu mmoja kwa hewa, wakiwa na mashine, kipimo na barakoa usoni. Chuo cha Uingereza cha madaktari hao kiliwahi kutoa kauli kuhusu madai kama haya yaliyotolewa na wasafiri waliolala kwenye magari ya kambi huko Ufaransa: kulaza watu kwa kuingiza hewa kutoka nje bila wao kuamka ni jambo lisilowezekana kirahisi, kwani ingehitajika dawa nyingi mno, na nyingine zina harufu kali inayomwamsha mtu. Kinachotulaza Dar kwa kawaida ni uchovu, feni inayounguruma, mvua juu ya bati, na ule usingizi mzito wa baada ya saa saba. Ukiamini dawa, utasema hakuna cha kufanya. Ukijua ni usingizi na dirisha lililoachwa wazi, unasogeza simu na mkoba mbali na dirisha, unaweka wavu mgumu unaozuia upondo, na unaweka kitu chenye kelele mahali ambapo mtu lazima akiguse akiingia. Sufuria mbili nyuma ya mlango wa jikoni zimewaamsha watu wengi.

Ukihamia nyumba ya kupanga, badilisha kitasa kabla hujaingiza godoro. Hujui mpangaji aliyepita alikuwa na nakala ngapi, wala fundi aliyekuja kurekebisha bomba aliachiwa ufunguo kwa siku ngapi. Ukihama ondoka na kitasa chako, urudishe cha zamani. Ni kazi ya nusu saa na bisibisi, na ni kinga kubwa kuliko mbwa.

Anayebisha hodi akidai ni wa shirika la umeme, wa maji, wa sensa au wa dawa za mbu, ana kitambulisho na kwa kawaida serikali ya mtaa ina taarifa zake. Kumwambia "Subiri nje kaka, nampigia mwenyekiti" si utovu wa adabu. Mfanyakazi wa kweli atasubiri. Dada wa kazi na watoto wafundishwe maneno hayo hayo, na waambiwe waziwazi kwamba hawatagombezwa kwa kumwacha mgeni nje, hata akiwa mjomba. Tumewalea watoto wetu kwa heshima kiasi kwamba mtoto anaona aibu kumkatalia mtu mzima mlango. Hapo heshima ipewe mpaka.

Na wakishaingia? Wakiwa wengi, wana mapanga, wameshavunja? Hapo sina ushujaa wa kumfundisha mtu. Runinga inanunuliwa tena. Usizibe njia yao ya kutoka, usiwamulike usoni, usimwite kwa jina hata ukimtambua. Mkiwa mko chumbani na bado hawajafika, funga mlango wa chumba, sogeza kitanda, na piga kelele kupitia dirisha la nyuma. Ile grili inayofunguka inafanya kazi hapa pia: mke na watoto wanaweza kupita huku mlango ukigongwa. Simu ikae na chaji usiku, iko karibu na mto, na namba za watu watatu wa mtaa huohuo zikae juu kabisa kwenye orodha. Ndugu aliye Mwanza anakupenda, lakini hawezi kufika Tabata usiku huo.

Kuhusu jikoni nitapita haraka, ingawa ndiko balaa nyingi zinaanzia. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutambaa sakafuni, tofauti na moshi. Ukisikia harufu yake usiwashe taa na usizime, usichomoe feni; cheche ndogo ya swichi inatosha. Funga regyuleta, fungua milango, toa watu, toa mtungi nje kama unaweza. Mpira wa gesi upimwe kwa povu la sabuni, usipimwe kwa kiberiti. Mafuta ya kukaangia yakiwaka, funika sufuria kwa mfuniko, usimwagie maji kamwe. Na kwa ndugu zetu wa Makete, Njombe, Mbeya na Lushoto: jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata kama limefifia, hata kama mtoto anatetemeka. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichozibwa vizuri dhidi ya baridi ndicho kinachoua haraka. Jenereta nalo likae nje, mbali na madirisha.

Yote haya yanagota kwa jirani. Nimekaa na mjumbe wetu, mzee aliyeanza uongozi enzi za TANU, nikamwamkia na kumwuliza zamani walikuwa wanalalaje milango wazi. Alinisahihisha kwamba hawakulala wazi. Walilala wanajuana. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi ulianza miaka ya 1960 kama ngazi ya chini kabisa ya chama, na balozi alijua nani kahamia, nani kasafiri, nani ana mgeni na mgeni katoka wapi. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 ubalozi ukabaki kuwa wa chama kimoja, na usimamizi wa mtaa ukawa wa serikali ya mtaa. Mfumo huo wa mabalozi ulikuwa na ubaya wake. Watu walichunguzwa kupita kiasi, na wengine walisumbuliwa kwa maneno ya balozi mwenye kinyongo. Hilo lisirudi. Lakini kilichopotea pamoja nalo ni kile cha kujua kwamba nyumba ya tatu kuna mzee mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Kenya waliona thamani yake wakaja kuuchukua: baada ya shambulio la Septemba 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, serikali yao ilitangaza mpango wake, na jina wakalibakiza lilelile, Nyumba Kumi.

Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe na ujambazi vilipozidi, wanakijiji walianzisha Sungusungu. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume alitoka na silaha yake na kufuata sauti, na kijiji cha pili kiliupokea na kuupeleka mbele. Sauti ilikimbia kuliko mwizi. Mijini sauti hiyo tumeipoteza. Mtu anapiga yowe, mtaa mzima unazima taa. Kila mmoja yuko nyuma ya geti lake, na hata anayetaka kutoka inabidi kwanza atafute funguo tatu.

Mtaa wetu tumeanza upya kwa filimbi. Kila nyumba ina moja, imetundikwa karibu na ule ufunguo. Mlio mrefu mmoja ni wizi, milio mifupi mfululizo ni moto. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu mwitikio ni tofauti. Kwa moto watu wanakuja na ndoo, mchanga, mtaimbo wa kung'olea nondo, na mmoja anakwenda moja kwa moja kuzima meni swichi. Kwa wizi watu wanawasha taa za nje zote, wanapiga kelele kutoka ndani kwanza, halafu wanatoka kwa makundi, hatoki mtu peke yake.

Na hapa nimesisitiza kikaoni hadi wengine walichoka kunisikia. Mwizi akikamatwa anafungwa kamba, anapelekwa kituoni. Hachomwi tairi. Neno "mwizi" likipigwa usiku katika miji yetu limeshaua watu wengi, wakiwemo waliokuwa wakipita tu, mgonjwa wa akili aliyeingia uani asipopajua, kijana mlevi aliyekosea geti. Mtaa unaoua hauko salama, maana kesho atakayekosea geti anaweza kuwa mwanao anarudi kutoka mtihani. Mwenyekiti aliliweka kwenye kumbukumbu za kikao, na vijana wa ulinzi shirikishi walisomewa mbele ya wazee.

Bado tuna kazi. Mitaa kama Manzese, Tandale na sehemu kubwa ya Vingunguti ina vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita, na kwetu barabara ya kuingilia inazibwa kila usiku na malori ya mchanga yanayolala hapo. Tumewaandikia wenye malori, na tumekubaliana na wawili kati yao wahamishie magari yao uwanja wa mpira. Namba ya zimamoto ni 114 na ya polisi ni 112, zote hazilipiwi, na tumeziandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kisima. Jambo tulilojifunza kwa askari wa zimamoto aliyekuja kutufundisha ni jinsi ya kuelekeza: usianze na kilio, anza na mahali. Taja kata, mtaa, kituo cha daladala kilicho karibu, shule au msikiti unaoonekana barabarani, kisha useme kinachoungua na kama kuna watu ndani. Usikate simu mpaka uambiwe. Halafu mtu mmoja mwenye tochi apelekwe barabara kuu kulisubiri gari na kulitangulia, kwa sababu nyumba zetu nyingi hazina namba, na dereva hawezi kupata kwa harufu ya moshi. Kwa zamu ya mwezi huu, kazi hiyo ya tochi wamepewa vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda, ambao hata hivyo huwa macho mpaka saa tisa.